Sanduku la maoni liliniletea vizibo vya soda

Mimi ndo bosi wa kiwanda kidogo cha mikate hapa Morogoro, tuko kama watu 60 hivi, na mtu akikwambia ubunifu unaletwa na sanduku la maoni mwambie aje aongee na mimi. Tulimlipa mshauri, hela sitaji maana mke wangu anasoma hivi vitu, akatupeleka hotelini siku mbili, tukavaa tisheti, tukala kuku, akatuonyesha slaidi za M-Pesa mpaka basi. Ila penyewe akaparuka. Majaribio ya 2005 kule Kenya yalikuwa ya watu kurudisha mikopo midogo kwa simu, wateja wenyewe wakaanza kutumiana hela, wakubwa wakameza wazo lao wakafuata la wateja, 2007 ikazinduliwa kama huduma ya kutumiana pesa. Sisi tukaambiwa tununue sanduku.

Likakaa miezi miwili. Nikalifungua mbele ya mameneja kwa mbwembwe zote. Vizibo vitatu vya soda, bigijii imetafunwa, ombi la advansi, na karatasi moja ya herufi kubwa: CHOO CHA WANAUME. Basi, hakuna kingine. Kimefanyaje sasa? (Nilienda kuangalia, bawaba zimeng'oka, mlango unaushikilia kwa mguu huku umechuchumaa.)

Kipindi hicho ukungu ulikuwa unatumaliza. Slesi zinarudi kutoka Mikumi na Dumila zina madoa ya kijani. Nikabadilisha unga, nikabadilisha mifuko, nikamfokea mtu wa stoo bure, milioni kadhaa zikaenda.

Usiku mmoja nikakosa usingizi nikaenda kiwandani saa nane, nikakaa juu ya kreti nikaomba chai ya tangawizi kama wafanyakazi wa usiku nikanyamaza. Kunyamaza kwangu ni kazi kuliko kukanda unga. Usiku wa kwanza walifanya kazi kama wako kwenye mtihani. Wa pili hivyohivyo. Wa nne, dada mmoja wa kufunga akanipa mkate, "Bosi samahani, hebu shika." Wa moto! Akanionyesha mwingine aliofunga kama dakika kumi nyuma, mfuko umetoa jasho kwa ndani, matone kabisa. "Kirikuu ya Mikumi inaondoka saa kumi, inabidi tufunge hivihivi. Tungeoka slesi kwanza skonzi mwisho, maana skonzi zinapoa chap." Nikamuuliza amelijua lini. Miaka miwili. Sasa mbona kimya? Akainama, jamaa wa oveni ndo akajibu, "Aliyesema mara ya mwisho alihamishiwa kufagia, bosi." Na nani? Wote wakaniangalia mimi.

Chai ilinishinda. Asubuhi nikasema mbele ya watu wote kwamba kosa ni langu, nikamrudisha yule kijana kwenye kazi yake. Halafu nikaiga kitu cha Toyota, kule fundi wa kawaida anaruhusiwa kuvuta kamba na laini ikasimama. Kwetu mfungaji yeyote anaweza kuzuia gari kama mkate haujapoa.

Wiki ya pili tu, umeme ulikatika tukachelewa kuoka, dada akazuia kirikuu. Msimamizi anafoka, mteja wa hoteli yuko kwenye simu ananitukana kwa adabu, na ufunguo wa gari ninao mfukoni mwangu mimi. Nusura niutoe. Nikasema dada keshasema. Dakika arobaini! Hoteli ilituhama wiki tatu, ikarudi yenyewe. Ila kuanzia siku hiyo ndo watu wakaanza kuongea kweli, na mikate inayorudi ikapungua sana.

Kwenye vikao sasa naongea mwisho, ukianza bosi wengine wote watakuwa mwangwi. Na kuna elfu hamsini ya majaribio haihitaji saini yangu. Jamaa wa oveni akaichukua akachanganya unga wa muhogo nusu kwa nusu, sasa muhogo hauna ule mnato wa ngano wa kushika hewa, zikatoka trei mbili za matofali. Mhasibu akataka amkate mshahara, nikakataa, nikachukua kipande nikala wa kwanza kwa chai, jino likauma. Juzi karudi na robo ya muhogo, kizito bado lakini kinalika.

Mlango wa choo tuliutengeneza, bawaba kama elfu sita hivi. Sanduku tunawekea hamira.