Hema Langu, Kutoka Livingstone Hadi Uyole

Mama alinisikiliza hadi mwisho. Nilikuwa nimemweleza kwamba katika likizo ya mwezi Juni ningekwenda Zambia kujiunga na kundi la watalii wanaosafiri kwa lori, na kwamba kwa siku zote hizo tungekuwa tukilala katika mahema, tukipika nje na kuosha vyombo sisi wenyewe. Alipoona nimemaliza aliuliza: “Mwanangu, unalipa fedha ili ukalale kwenye turubai? Nani kakufukuza kwako?”

Kwa msomaji wa mikoa mingine swali hilo linaweza kuonekana kuwa mzaha, lakini kwa mtu wa Kigoma si mzaha hata kidogo. Neno kambi kwetu ni kambi ya wakimbizi: ni Nyarugusu, ni Nduta, na ni Mtendeli kabla haijafungwa. Mwaka 1996, vita vilipolipuka Kongo ng’ambo ya ziwa, nilikuwa shule ya msingi hapa Ujiji, na ninakumbuka mitumbwi ikishusha watu waliokuwa wamebeba sufuria na watoto, basi. Mwaka 2015 Warundi walipojazana Kagunga, meli ya MV Liemba iliwaleta mjini kwa mafungu, wakahifadhiwa kwa muda katika Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa Nyarugusu. Kwa hiyo machoni pa mama, anayelala hemani ni mtu aliyeuacha mlango wake bila kupenda, na binti yake, mwalimu wa jiografia mwenye nyumba ya matofali, alikuwa akiitafuta hali hiyo kwa fedha alizoweka katika kikoba kwa miaka mitatu.

Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia kwamba kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikiwachorea wanafunzi Mto Zambezi ubaoni, na kwamba nimechoka kuufahamu kwa chaki.

Safari hizi zimekuwapo kwa miongo mingi, na mpango wake ni rahisi kuuelewa. Lori kubwa hutengenezwa upya ili libebe abiria: juu huwekwa viti na madirisha mapana, chini ya sakafu huwa na masanduku ya mahema, viti vya kukunja, meza, majiko ya gesi na vyakula. Njia ndefu huanzia Nairobi na kuishia Cape Town, au kinyume chake, na huuzwa kwa vipande, ili anayetaka majuma mawili achukue majuma mawili. Malipo nayo ni ya mafungu mawili. Fungu la kwanza hulipwa kwa kampuni mapema, na fungu la pili hukabidhiwa kiongozi wa safari siku ya kwanza, kwa dola taslimu, likatumike kwa chakula na malipo ya viwanja vya kambi. Nilikichukua kipande cha kutoka Livingstone hadi Dar es Salaam kupitia Malawi, nikijua tangu mwanzo kwamba nitashukia njiani, kwa sababu ambayo nitaieleza.

Fomu ndiyo iliyonisumbua kuliko fedha. Kampuni, ambayo sitaitaja, ilidai bima ya safari inayogharimia kumsafirisha mgonjwa kwa ndege, na ikaandika kwamba bima hiyo inunuliwe “nchini kwako kabla hujapanda ndege kuja Afrika.” Niliwajibu kwa adabu kwamba sitapanda ndege na kwamba nipo tayari Afrika. Walichukua siku tisa kujibu. Hatimaye nilipata bima kwa wakala wa Dar es Salaam, kwa simu, baada ya kumweleza mara tatu kwamba mtalii ni mimi, si mgeni wangu.

Nilipanda basi Kigoma alfajiri, nikalala Mpanda, kesho yake nikafika Tunduma kupitia Sumbawanga. Upande wa pili ni Nakonde, ambako saa inarudi nyuma kwa saa moja na ambako pasipoti ya Mtanzania hugongwa muhuri bila viza wala malipo. Basi la Lusaka lilitambaa usiku kucha. Kutoka Lusaka hadi Livingstone nilisinzia, kwa hiyo sina la kuandika.

Lori lilikuwa limetoka Cape Town, na wengi wa abiria wake walikwishakaa humo karibu majuma matatu. Walikuwa kumi na saba, na mimi ndiye niliyekuwa mweusi pekee miongoni mwa waliolipa. Dereva alikuwa Mkenya na mpishi Mzimbabwe. Dereva aliposikia Kiswahili changu alishusha gari la maneno ambalo bila shaka alikuwa amelifungia tangu Afrika Kusini, na tangu siku hiyo akawa ananiita Mwalimu, jambo lililowafanya wengine wote waniite hivyo pia wakidhani ni jina langu.

Niliwekwa hema moja na muuguzi mstaafu kutoka Uholanzi, mwanamke mwenye umri wa mama yangu mdogo, ambaye nilimwamkia kwa heshima zote na kumsaidia kubeba mfuko wake hadi aliponikataza kwa ukali. Humo hakuna mkubwa. Kila mtu yuko katika zamu: leo unakata vitunguu, kesho unaosha vyombo, keshokutwa unafagia lori. Vyombo hupitishwa katika mabeseni matatu, la sabuni, la dawa na la kusuuzia, kisha havifutwi kwa kitambaa, kwa kuwa kitambaa kibichi hubeba vijidudu. Badala yake watu wazima husimama duara, sahani mkono huu na kikombe mkono ule, wakivipunga hewani hadi vikauke. Ungewaona ungedhani ni kuku wanaojaribu kuruka. Nilicheka hadi machozi siku ya kwanza. Siku ya tatu nilikuwa napunga kama wao.

Hema lenyewe ni la turubai zito la kijani, la watu wawili, lenye fito mbili zinazokingamana juu. Muuguzi alinionyesha kwamba pembe zinyooshwe kwanza, ndipo vigingi vipigwe vikiwa vimelala kidogo nje, la sivyo upepo huving’oa. Nilijifunza pia kufunga zipu upesi kwa ajili ya mbu, kulala na tochi chini ya kichwa, na kulikunja hema saa kumi na moja alfajiri likiwa bado na umande. Usiku wa kwanza sikupata usingizi. Mwanga wa taa ya kambi ulikuwa ukipenya kwenye turubai, na kwa muda mrefu niliwaza wale wa Nyarugusu, ambao hawana mtu wa kuwaambia kwamba kesho saa kumi na mbili tunaondoka.

Maporomoko ya Victoria tuliyatembelea upande wa Zambia. Yana upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108 hivi, tarakimu ambazo wanafunzi wangu wanazikariri, lakini mwezi Juni maji bado ni mengi na anayetaka kuyaona huoga kwanza. Wenzangu walisimama kwenye kibao wakisoma maana ya Mosi-oa-Tunya, jina la wenyeji la maporomoko hayo. Sikuhitaji kibao: mosi ni moshi, na hilo jingine lilikuwa likinguruma mbele yetu. Jioni kiongozi alisimulia habari za David Livingstone, jinsi alivyofika hapo mwaka 1855, na jinsi Stanley alivyomkuta mwaka 1871 mahali panapoitwa Ujiji, “kijiji cha mbali sana.” Dereva alinitazama. Nilinyoosha kidole, kwa mazoea ya darasani, nikasema kwamba Ujiji ni kwetu, ni mwisho wa njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo, na kwamba kutoka Kigoma mjini unapanda daladala tu. Kwa siku mbili zilizofuata nilikuwa mtu mashuhuri.

Tulisafiri siku mbili hadi Hifadhi ya Luangwa Kusini, na hapo ndipo ningependa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoacha kujiona mgeni katika hema. Kiwanja cha kambi kiko ukingoni mwa mto, nje ya hifadhi, na hakina uzio. Mpishi alitukusanya akatuuliza nani ana machungwa. Tembo, alisema, hulifahamu chungwa kwa harufu, na hema haliwi kizuizi kwake; matunda yote yakafungiwe kwenye lori. Usiku, yapata saa nane, nilisikia majani yakinyofolewa karibu na sikio langu, kwa utaratibu, kama mtu anayevuna mchicha. Alikuwa kiboko amepanda kutoka mtoni kuja kula. Muuguzi alinishika mkono gizani na hatukusema neno. Haja ndogo ilinibana na nikaivumilia hadi mapambazuko, maana tulikuwa tumeambiwa kwamba anayetoka hemani bila kumulika pande zote amejitoa mwenyewe. Asubuhi tulikuta kinyesi hatua nne kutoka miguuni petu. Muuguzi alikipiga picha, nami nikampigia mama simu. Aliniuliza kama nimekula.

Nilikuwa na zamu ya jikoni tulipofika ufukwe wa Ziwa Nyasa, ambalo wenyeji wa huko huliita Ziwa Malawi, na sitaingia katika ugomvi huo. Kutoka nyumbani nilikuwa nimebeba mfuko wa dagaa wakavu wa Kibirizi na chupa ndogo ya mawese, vitu nilivyovivusha mipaka miwili nikiwa na hofu ya bure. Mpishi alikubali. Tulikaanga dagaa kwa vitunguu na nyanya, yeye akasonga sima, au nsima kama Wamalawi wanavyosema, na watu wakakaa kwenye viti vya kukunja wakila kwa mikono. Kijana mmoja wa Australia aliniuliza kwa nini samaki wanamtazama. Walikula, nakiri, kwa viwango tofauti vya furaha. Wavuvi wa pale walinionyesha usipa wao, na bila upendeleo wowote ninasema kwamba ni samaki wazuri lakini hawaifikii dagaa yetu kwa utamu. Ziwa lao ni zuri kwelikweli, lenye mchanga mweupe na maji ya bluu. Ila lina kina cha mita 700 hivi tu, wakati Tanganyika ina 1,470. Hilo nililisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jambo moja liliniudhi. Kiongozi alikuwa akirudia kila asubuhi kwamba tusinunue chakula barabarani. Ninaelewa sababu, kwa kuwa mgonjwa mmoja wa tumbo huchelewesha lori zima. Hata hivyo, kwa njia yote ya Malawi tulikuwa tukipita kando ya wanawake wenye mahindi ya kuchoma, ndizi na mandazi, na lori letu likawa linatimua vumbi juu ya biashara zao huku sisi tukila mikate tuliyoinunua kwenye duka kubwa la mjini. Tuliposimama kuweka mafuta nilishuka, nikanunua mahindi manane, nikayagawa. Kiongozi hakusema kitu. Hakuna aliyeumwa.

Mpakani Songwe niliipenda sana pasipoti yangu. Wenzangu walipanga foleni ya viza, muuguzi kwa dola 50, Mmarekani mmoja kwa dola 100, nami nikapita dirisha la wenyeji, afisa akaniuliza tu kwa nini nimefuatana na lori la Wazungu. Saa ikasogea mbele tena. Kuanzia hapo lori lilikuwa likikimbia. Katika ratiba yao Tanzania huanza kwa kweli pale Zanzibar, kisha Serengeti na Ngorongoro. Migomba na mashamba ya chai ya Tukuyu hupitwa kama ukuta. Magharibi yetu yote, Katavi, Mahale, Gombe, Ujiji yenyewe, haimo. Dereva alinieleza kwamba si dharau: kwa lori zito na watu wenye tiketi za ndege, kuzungukia kwetu ni majuma mawili ya ziada.

Hiyo ndiyo sababu ya kushuka kwangu. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na kutoka Dar es Salaam ningelazimika kurudi Kigoma kwa Reli ya Kati, kilomita zaidi ya 1,200, wakati pale Uyole, Mbeya, nilikuwa nimesimama kwenye njia panda. Lori lilikunja kulia kuelekea Iringa. Muuguzi alinipa tochi yake ya kichwani. Nilimpa kilichobaki cha mawese, naye akanusa, akasita, akakifunga vizuri kwenye mfuko wa nailoni.

Basi la Mpanda lilipita daraja la Sitalike, pembeni mwa Katavi, alasiri. Chini yake, katika Mto Katuma uliopungua maji, viboko walikuwa wamebanana kama magunia sokoni, wengi kuliko wote niliowaona Luangwa, na hatukulipia hata senti. Nilisimama nusu ili nione vizuri. Mama aliyekaa jirani yangu aliendelea kumenya karanga. “Hao wapo siku zote,” alisema, kisha akautazama mfuko wa kulalia uliofungwa kwa kamba juu ya mzigo wangu, akauliza kama ninafanya kazi kambini.

Nilimjibu kwamba nilikuwa mkaazi.

“Ya wapi?”

Nilipoanza kumweleza, konda alipiga mlango, watu wa Sitalike wakaanza kupanda, na kiti chetu cha watu wawili kikawa cha watatu.