Siku moja maishani mwangu: Napoleon, Pitt na tikiti la Kidato cha Tatu

Saa 11:30 alfajiri. Kibo umejifunua wote. Tunaoishi Moshi tunajua hautakaa hivyo, mawingu yako njiani. Chai, kiporo cha ndizi, kisha mbio kituoni.

Saa 1:10. Steshenari ya jirani na soko la Mbuyuni. Nataka nakala 12 za katuni ya kufundishia leo, wanafunzi wanne karatasi moja. Mashine inamwaga wino, uso wa Napoleon umekuwa mkaa. Dada anajaribu tena. Nakala moja inabaki nyeusi vilevile, naichukua, nimeshailipia.

Saa 3:20, vipindi viwili mfululizo. Katuni ni ya Mwingereza James Gillray, Februari 1805. Waziri Mkuu wa Uingereza William Pitt na Napoleon, mtawala wa Ufaransa, wameketi meza moja, wanaikata dunia iliyopakuliwa sahanini kama pudini, ile keki ya mviringo ya Waingereza. "Tikiti hilo, mwalimu!" Haya, tikiti.

Nauliza kwa Kiingereza, kimya. Nasema: semeni Kiswahili, mkaguzi akija nitajibu mimi. Binti wa dawati la nyuma anainuka: "Hawa hawana mzee. Nyumbani nyama anakata mmoja, na kila mtu fungu lake analijua. Hapa kila mtu kaja na kisu chake." Naifundisha katuni hii mwaka wa nne, hilo sikuwahi kuliona.

Nani ana nafuu? Karibu wote: Pitt. Mbona? Katulia, kiti kinamtosha. Napoleon ni kijitu, kanyanyuka kitini ndiyo afikie sahani. Hata kundi lenye nakala nyeusi, ambalo uso hawauoni kabisa, limemchagua Pitt. Mkao tu umetosha.

Namsimamisha kijana wa kama sentimita 168. Huyu mfupi? "Hapanaaa!" Basi ndicho kimo cha Napoleon, wastani wa Wafaransa wa enzi zake. Ufupi tunaomsema nao mpaka leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya kalamu ya Gillray.

Sasa tazameni vipande. Napoleon anakata Ulaya kwa upanga. Pitt, kwa uma wa meno matatu kama silaha ya mungu wa bahari, anajimegea Atlantiki hadi visiwa vya Karibi. Kipande chake ndicho kikubwa! Darasa linaguna. Mwaka uleule, Oktoba, Waingereza walishinda baharini Trafalgar. Desemba Napoleon akashinda nchi kavu, Austerlitz.

Saa 7:30. Makande. Mwalimu wa Hesabu anaichungulia karatasi yangu: "Huyu mfupi ndiye mchokozi, eeh?" Nacheka mpaka napaliwa.

Saa 2 usiku. Nasahihisha kwa tochi ya simu, umeme umekatika. Wengi wamenirudishia maneno yangu mwenyewe. Mmoja kaandika mstari mmoja tu: "Pitt kala kingi ila kakaa vizuri." Nimempa alama zote.