Sare kwenye gofu: tatizo si idadi ya mashimo

Sisi wa Mbeya na Iringa, Masters, lile shindano kubwa la gofu la Marekani, hutufikisha saa nane za usiku. Mwaka 2025 Rory McIlroy na Justin Rose walipotoka sare, shimo moja tu lilitosha: McIlroy mikwaju mitatu, Rose minne, kazi kwisha. Ndipo ubishi wa kila mara unaporudi: watu wacheze siku nne, mashimo 72, halafu bingwa apatikane kwa robo saa?

Mashindano makuu manne hayakubaliani. Masters wanacheza shimo kwa shimo, wakianza na la 18 kisha la 10, wanapokezana hivyo hadi mmoja amzidi mwenzake. US Open, tangu 2018, wanajumlisha mikwaju ya mashimo mawili. PGA Championship wanajumlisha matatu tangu 2000. The Open, ya Uingereza, walikuwa na manne, wakapunguza yakawa matatu mwaka 2019. Jumla ikilingana, kote huko wanarudi kwenye shimo kwa shimo.

Wengi huamini kwamba mashimo matatu yanamlinda aliye bora. Tupige hesabu. Chukua wachezaji wawili, mmoja bora kidogo: katika kila mashimo kumi anashinda matatu kwa tofauti ya mkwaju mmoja, anapoteza mawili vivyo hivyo, matano wanalingana. Shimo kwa shimo, nafasi yake ya kutwaa kombe ni asilimia 60. Jumla ya matatu inampa kama 62. Pointi mbili tu! Mpe mashimo 18 kamili, ndipo anafika kwenye 73 au 74, na hata hapo uwezekano wa sare nyingine ni zaidi ya moja kwa kumi. Ndivyo ilivyokuwa US Open ya 2008 pale Torrey Pines: Tiger Woods na Rocco Mediate walirudi Jumatatu, kila mmoja akapiga mikwaju 71, ikabidi waongeze shimo jingine ndipo Woods akashinda. US Open ya 1931 ilikuwa balaa zaidi: Billy Burke na George Von Elm walicheza mashimo 72 ya ziada, wakatofautiana mkwaju mmoja.

Kwa hiyo jumla haimpi aliye bora faida kubwa. Inachotoa ni nafasi ya kurekebisha kosa, na kupimwa kwa mashimo yasiyofanana. Mfano mzuri ni Royal Troon, 1989, mara ya kwanza The Open kutumia jumla ya manne. Greg Norman alimaliza shimo la kwanza kwa mikwaju mitatu, wenzake Mark Calcavecchia na Wayne Grady kwa minne. Ingekuwa shimo kwa shimo, Norman angebeba kombe palepale. Lakini akapoteza mkwaju kwenye la 17, lililokuwa la tatu kuchezwa, akaingia mchangani kwenye la 18, na Calcavecchia akashinda.

Basi kamati inayoandaa shindano huku kwetu ianze na saa, idadi ya mashimo ifuate. Scotland mwezi Julai mwanga upo hadi baada ya saa tatu usiku. Mufindi mwezi Juni jua linazama karibu na saa kumi na mbili na nusu, na baada ya dakika ishirini huoni mpira. Ukungu wa asubuhi kwenye mashamba ya chai nao ukichelewesha kundi la kwanza kwa saa nzima, kundi la mwisho linachelewa vilevile. Hesabu dakika 15 kwa shimo kwa watu wawili, ongeza za kupiga kura ya nani aanze na za kutembea. Mashimo matatu ni saa nzima. Kundi la mwisho likitoka uwanjani baada ya saa kumi na moja na robo, matatu hayatoshi ukiacha nafasi ya shimo jingine wakilingana tena; panga mawili.

Kuchagua mashimo ndiko kwenye uzito. Chukua fupi linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju mitatu, la kati kwa minne, na refu kwa mitano, yaliyo karibu karibu. Kurudia shimo refu peke yake ni kumpendelea mwenye nguvu. Bendera isikae kwenye mteremko ambapo mpira hausimami, maana hapo unapima bahati. Na yote haya yaandikwe kwenye masharti kabla ya mkwaju wa kwanza wa shindano. Ukichagua mashimo baada ya kujua nani wametoka sare, hata ukitenda haki hakuna atakayeamini.

Giza likishaingia, inabaki kusoma kadi za matokeo: linganisha mikwaju ya mashimo tisa ya mwisho; wakilingana, sita ya mwisho, matatu, kisha la 18. Kwenye mashindano ya hendikapu, yaani mikwaju anayopunguziwa mchezaji kulingana na uwezo wake, toa nusu yake kwa tisa, theluthi kwa sita, moja ya sita kwa matatu. Wachezaji wakianzia mashimo tofauti kwa pamoja, “ya mwisho” ni kwa namba za kadi. Hapa ndipo makarani hukosea sana.

Kuna jambo moja ambalo idadi ya mashimo haiwezi kuliponya. US Open ya wanawake, 2016, jumla ya mashimo matatu: Anna Nordqvist aligusa mchanga bankani, yaani kwenye eneo la mchanga lililowekwa kama kizuizi, kwenye shimo la pili, adhabu mikwaju miwili. Picha za televisheni ndizo zilizoonyesha. Taarifa ilimfikia akiwa ameshapiga mkwaju wake wa tatu kwenye la mwisho. Brittany Lang aliambiwa kabla hajapiga wake, akacheza kwa usalama na kushinda. Mwamuzi wa mashimo ya ziada atembee na wachezaji, na akiwa na neno, awasimamishe wote wawili, walisikie kwa pamoja, ndipo anayefuata apige.