Bluu za sakafuni kwa Ma'mdogo

Januari 2011 nilikuwa nimemaliza form four, nipo nyumbani nasubiri matokeo, mama akaona nimekaa sana akaniambia nenda Tandika kwa Ma'mdogo kamsaidie, kipindi hiki kazi zimemzidi. Wanaoijua Dar wanajua Januari kwa mafundi ilivyo, shule zinafunguliwa na kila mzazi anataka sketi au kaptula ya bluu kesho asubuhi. Na ule ulikuwa mwaka wa mgao, wenye cherehani za umeme wanakaa wanaangalia waya, Ma'mdogo na cherehani yake ya miguu pale barazani anakanyaga tu toka asubuhi mpaka adhana ya magharibi.

Mimi kazi yangu ilikuwa vifungo, kupiga pasi ya mkaa na kufagia. Yale makombo ya vitambaa chini ya meza yalikuwa yanaingia kwenye kiroba, afu anakuja jamaa wa kujaza mito anachukua. Sasa siku ya tatu hivi nikagundua karibu kila ninachofagia ni bluu, lakini hazifanani hata kidogo. Kuna bluu ya sare ile iliyoiva inakaribia nyeusi, kuna ya kitenge yenye kung'aa, ya khanga, ya shati la mlinzi, mpaka kakipande ka pazia ka samawati kalikochakaa. Nikaanza kuzitenga kwenye mfuko wa rambo. Dada alikuwa na mtoto wa miezi minne na nikawa nimeshaona kichwani kitandiko cha kumlazia juu ya mkeka, bluu tupu.

Ma'mdogo hakunikatalia. Akachukua boksi la sabuni akalikata mraba wa inchi 12 na nusu, akasema hiyo nusu italiwa na mshono, robo huku robo huku, kwahiyo ukiunga tisa, tatu kwa tatu, unapata inchi 36, yadi kamili. Akanikatia na miraba ya kitambaa cha marekani ya kushonea juu yake. Unaanza na kipande kidogo katikati, unashona kijimstari cha kitambaa ubavuni, unapiga pasi, unageuza, unashona kingine, unazunguka hivohivo mpaka mraba ujae. Nilikuja kusoma baadaye sana kwamba Marekani mtindo huu ni wa zamani, na katikati walikuwa wanapenda kuweka nyekundu kama moto wa jikoni. Sisi hatukulijua hilo, tuliweka bluu.

Wa kwanza niliuharibu kwa pasi. Kitambaa cha sare kina polista, nikakipiga moto uleule wa kitenge, kikang'aa afu kikajikunja kama ngozi ya kuku. Wa pili ulitoka mzima ila ulikuwa giza. Ma'mdogo akautundika mlangoni akaniambia rudi nyuma mpaka pale kwa muuza genge, fumba macho nusu, unaona mistari? Nikasema sioni, naona doa tu. Akasema basi, umeweka zilizoiva zote pamoja zinamezana, weka iliyopauka ubavuni mwa iliyoiva ndo zitaonana. Toka hapo sikuchagua tena kipande bila kurudi nyuma na kufumba macho nusu.

Nilikuwa kwenye mraba wa tano, mzuri kuliko yote, alipokuja mama mmoja kuchukua gauni lake. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitika marahaba huku macho yako kwenye mikono yangu. "Fundi, hiki si kitenge changu?"

Ma'mdogo akasimamisha cherehani. "Ndo chenyewe, dada."

"Si nilikwambia kinachobaki nirudishie?"

"Nimekuwekea kwenye mfuko, nusu yadi na zaidi. Hicho alichonacho mtoto ni makombo ya kwapani."

"Hata kama. Kitenge hiki kaniletea mwanangu, mshahara wake wa kwanza."

Mafundi wa Dar wanasemwa sana kwa kula vitambaa vya watu, na Ma'mdogo alikuwa anajulikana mtaa mzima kwamba harudishi pungufu. Nilijisikia vibaya mpaka masikio yakapata moto, maana jina lake lilikuwa linachafuka kwa ajili ya kipande cha upana wa vidole viwili. Ma'mdogo hakubishana. Akanipa wembe. "Fumua."

Kile kipande kilikuwa cha pili kutoka katikati, na kwa mshono huu huwezi kukitoa peke yake, kila kilichokuja baada yake kimeshalala juu ya ncha zake, inabidi uanzie nje urudi ndani. Nikafumua vipande kumi na mbili nyuzi kwa nyuzi, yule mama amekaa kwenye stuli ananisubiri, hakuna anayeongea. Kilipotoka akakinyoosha juu ya paja lake kwa kiganja, kina vitundu vya sindano pembeni kote, akakikunja mara mbili akakitia kwenye pochi. Akasema ahsante mwanangu, na alimaanisha, hakuwa na hasira tena. Akalipa, akaondoka.

"Kuanzia leo unaomba," Ma'mdogo akasema. Nikawa naomba, kila mteja, na karibu wote walisema chukua tu, mmoja akarudi kesho yake na khanga nzima ya zamani.

Ila pale kwenye pengo sikuwa na cha kuweka, kila nilichojaribu kinaleta giza. Ma'mdogo akavuta khanga aliyokuwa anafunikia cherehani, imefuliwa miaka mpaka bluu yake imebaki kama maji ya kusuuzia, akakata mwenyewe vidole viwili akanipa. Nikashona, nikarudi mpaka kwa muuza genge. Mraba wote uliwaka.

Tuliunga tisa zote Jumapili, nyuma tukaweka shuka kuukuu. Kabla ya kupeleka tukaloweka kwenye maji ya chumvi maana zile za khanga mpya zinachuja, na kweli beseni lilikuwa bluu, na kile kipande kilichopauka kikanywa rangi kidogo upande mmoja. Nilitaka kulia. Ma'mdogo akakiinua juani akakitazama, akasema kimepata samawati, akakianika.

Yule mtoto sasa hivi yuko sekondari. Kitandiko ninacho mimi, kona moja imeliwa na panya, na nimeshaanza kutenga bluu za kuizibia.