Kutoka kitabu cha notisi hadi chupa ya sampuli

Kabla ya kurudi darasani nilikuwa nimefanya kazi ya afisa afya wa kata kwa miaka saba hapa Dar es Salaam, ingawa mitaani hakuna aliyeniita kwa cheo hicho. Nilikuwa bibi afya, yule anayefika na kitabu cha notisi mkononi, akafunua pipa la mama lishe, akachungulia choo, akaandika. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 ilinipa mamlaka ya kuingia na kuagiza kero iondolewe, nami niliyatumia bila kusita. Kipindupindu kilipozuka jijini mwezi Agosti 2015 tulizunguka mtaa kwa mtaa tukifunga vibanda vya chakula na kutoza faini, na kila jioni nilirudi nyumbani nikiamini kwamba kuna watu niliowaokoa siku hiyo. Ningejuaje kama kweli niliwaokoa, sikuwahi kujiuliza.

Niliulizwa swali hilo katika wiki ya kwanza ya shahada ya uzamili ya afya ya mazingira. Mhadhiri wa epidemiolojia, somo la namna magonjwa yanavyoenea, alitutazama sisi tuliotoka kazini, akataka kujua kama wagonjwa hupungua kwa sababu vibanda vimefungwa, au hupungua kwa sababu mlipuko umefikia mwisho wake wenyewe, na kama tuliwahi kuwa na mtaa ambao vibanda havikufungwa ili tulinganishe. Nilikuwa na majibu mengi, ila hakuna hata moja lililokuwa na namba.

Ndugu zangu bado wanadhani nasomea usafi, na shangazi yangu hutania kwamba natafuta shahada ya kufagia. Ukweli ni kwamba mwaka wa kwanza ulikuwa wa takwimu, toksikolojia (elimu ya sumu), majitaka, afya mahali pa kazi na tathmini ya vihatarishi. Takwimu zilinitesa, na sitazieleza zaidi. Somo la tathmini ndilo lililonigeuza, na sababu mojawapo ni ya lugha. Katika mazungumzo yetu ya kila siku neno "hatari" hubeba mambo mawili: kitu chenyewe kinachoweza kudhuru, yaani kihatarishi, na uwezekano wa kitu hicho kumfikia mtu na kumdhuru. Choo cha shimo kilichojaa ni kihatarishi mwaka mzima. Wakati wa masika, mwenye choo anapotoboa ukuta wa shimo ili mvua ibebe kinyesi, jambo ambalo hapa tunaliita kutapisha, huku kisima kifupi cha jirani kikiwa hatua chache upande wa bondeni, uwezekano wa madhara hupanda ghafla ingawa choo ni kile kile. Kwa miaka saba nilikuwa nikiandika notisi dhidi ya vihatarishi, bila kufuatilia njia ambayo uchafu hupita hadi kumfikia mtu.

Kwa hiyo tasnifu yangu ikawa juu ya njia hiyo, na hasa kipande chake kifupi kabisa, kutoka bomba la uani hadi kwenye kopo la kunywea. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya jiji hili hutoka Mto Ruvu na husafishwa kabla ya kuingia kwenye mabomba, lakini mgawo ukiingia, kama ule wa Oktoba 2022 mto ulipopungua, bomba linalokauka huweza kuvuta maji machafu kupitia nyufa zake, na watu hulazimika kuhifadhi maji kwenye ndoo, madumu na mapipa. Nilitaka kujua uchafu unaingilia wapi.

Katika kuchagua nyumba nilinufaika na kazi ya wengine. Kila mwanafunzi wa fani hii hufundishwa habari za daktari John Snow, ambaye mwaka 1854 alichora vifo vya kipindupindu kwenye ramani ya mtaa mmoja wa London, vikakusanyika kuizunguka pampu moja ya maji. Kinachosahaulika katika kisa hicho ni kwamba Snow aliikuta ramani. Mitaa yetu mingi iliyojengwa bila mpango haikuwa na ramani ya kuaminika hadi mradi wa Ramani Huria ulipoanza mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wakapita wakichora vichochoro, mifereji na nyumba. Bila kazi yao ningechagua nyumba zilizo karibu na barabara, kama nilivyokuwa nikifanya kazini, kwa sababu tu gari hufika.

Kuchukua sampuli huonekana kazi nyepesi mpaka uifanye. Unafuta mdomo wa bomba kwa spiriti, unaupitishia moto ikiwa ni wa chuma, unaacha maji yatiririke, ndipo unakinga kwenye chupa iliyotakaswa, ambayo ndani yake mna chembe za thiosulfati ya kuzima klorini isiendelee kuua vijidudu njiani. Klorini yenyewe unaipima hapo hapo kwa kidonge kinachoyafanya maji kuwa na rangi ya waridi. Yakibaki meupe, hakuna kinga iliyobaki. Chupa huingia kwenye boksi la barafu, na mwongozo unataka ifike maabara ndani ya saa 6.

Siku yangu ya kwanza nilijaza chupa zote kufikia saa nne asubuhi, nikajipongeza, kisha nikakaa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela nikiwa ndani ya bajaji, boksi mapajani, nikisikia barafu ikigeuka maji. Nilifika saa kumi na nusu jioni. Mtaalamu wa maabara alitia kipimajoto, akanionyesha bila kusema neno. Tulizimwaga zote. Tangu hapo nilianza saa kumi na mbili asubuhi.

Maabara huyapitisha maji mililita 100 kwenye kichujio chenye vitundu vya mikromita 0.45, kichujio huwekwa kwenye sahani yenye chakula cha bakteria na kulazwa kwenye joto la nyuzi 44, kesho yake unahesabu madoa, ambayo kila moja ni kundi la bakteria waliozaliana. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni sifuri katika mililita hizo 100 kwa E. koli, bakteria wa kinyesi. Nyumba ya kwanza niliyoihesabu ilikuwa ya mama mmoja niliyewahi kumwandikia notisi. Sahani ya bomba lake ilikuwa safi kabisa. Ile ya ndoo yake ilijaa madoa ya njano hadi nikashindwa kuyatenganisha.

Nilirudi kwake kumweleza, kama nilivyokuwa nimemwahidi wakati anasaini fomu ya ridhaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bibi afya. Leo ni shilingi ngapi?"

Nilimwambia sikuja na faini, nikamwomba anionyeshe wanavyochota. Ndoo ilikuwa imesuguliwa ikang'aa na ilikuwa na kifuniko. Mjukuu alifunua, akazamisha kopo pamoja na vidole vyote vinne, akanywa, akalirudisha kopo sakafuni. Katika notisi niliyomwandikia zamani nilikuwa nimeandika "chombo kichafu", na chombo hakikuwa kichafu. Tulizungumza juu ya ndoo yenye koki, juu ya bei yake, na juu ya nani angeipeleka kwa fundi kutobolewa kama ya dukani ingemshinda.

Msimamizi wangu ameisoma sura ya matokeo na kuirudisha na swali moja pembeni: sampuli zote zilichukuliwa kiangazi, je, masika vyoo vinapotapishwa, sahani za bomba zitabaki safi? Nimeomba kuongezewa muda kwenye kibali cha maadili, na mwezi Aprili nitarudi kwenye nyumba zile zile na chupa zile zile, nikipita njia ya ndani badala ya Mandela.