Mkono wa Kulia, Mguu wa Kushoto

Mbeya ya Julai mnaijua, alfajiri maji ya bomba yanachoma vidole. Nilikuwa zamu ya usiku wodi ya watoto wachanga alipoletwa mtoto aliyekunywa maji machafu tumboni. Miezi ilikuwa imetimia, kilo tatu na ushee, ila midomo ya bluu. Tukamwekea oksijeni, haikumtosha.

Bibi yake alikuwa amemvalisha soksi za kufuma. Nikavua moja nimpime oksijeni kwenye damu. Mkono wa kulia ulisoma asilimia 93, mguu 80. Nikadhani kipimo kimeharibika, nikaleta kingine. 80 ile ile.

Nikampigia daktari. Hofu yetu ilikuwa kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo, na hapo maana yake Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 barabarani na mtungi wa oksijeni. Mama mtu alishaanza kuulizia nauli.

Daktari alikuja akisukuma mashine ya ultrasaundi. Kabla ya kumgusa mtoto, aliikumbatia chupa ya jeli viganjani mpaka ikapata joto. Mtoto wa hivi akishtuka na kulia tu, oksijeni inaporomoka. Mpaka leo nikiishika chupa ile naikumbuka mikono yake.

Kwenye kioo vyumba vinne vya moyo vilikuwepo, vali zipo, mishipa mikubwa imekaa mahali pake. Lakini upande wa kulia ulikuwa umevimba, umeusukuma ukuta wa katikati hadi umelala bapa. Na ile njia ambayo damu hupita kuyakwepa mapafu mtoto akiwa tumboni ilikuwa bado wazi, ikimwaga damu yenye oksijeni kidogo kuelekea sehemu ya chini ya mwili. Kumbe mguu ulikuwa unasema kweli. Presha ya mishipa ya mapafu, ambayo hushuka mtoto akishaanza kupumua, yake haikushuka.

"Mama, moyo wa mwanao umeumbwa vizuri," daktari akamwambia. "Mishipa ya mapafu ndiyo imebana. Hasafiri."

Tukampa joto, oksijeni, sildenafili, dawa ya kulegeza mishipa ya mapafu, iliyosagwa kupitia mpira wa kulishia, na utulivu. Nilikuwa mkali kwa yeyote aliyetaka kumgusagusa, hata wakubwa zangu.

Siku ya sita mkono ulisoma 96, mguu 95. Nikapima tena, kisha tena.

"Ndaga fijo, mwanangu," bibi akanishukuru kwa Kinyakyusa, akanipa ile soksi. Nikamvalisha mjukuu wake.