Yangeyange wa Hori ya Tudor kwa Shata ya Polepole

Kwa miezi mingi nilikuwa nikiwapiga picha yangeyange wanaorudi kulala kwenye mikoko ya hori ya Tudor, Mombasa, kwa kasi ya shata (pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga) ya 1/2000 ya sekunde, na kila jioni nilirudi nyumbani na ndege safi, kila unyoya mahali pake, ila wameganda hewani kana kwamba wametundikwa kwa uzi. Mruko wenyewe haukuwamo.

Siku hizi naanza na 1/30. Kamera ikimfuata ndege kwa mwendo wake uleule, kichwa na shingo hubaki vikitambulika, mbawa huchora tao jeupe, na mikoko iliyo nyuma hunyooka ikawa mistari ya kijani. Nikishuka hadi 1/8 kundi zima huyeyuka likawa mkondo mmoja, jambo ambalo napenda mara chache tu, kwa sababu nataka mtazamaji ajue kwamba hao ni ndege. Vitwitwi, wanaotujia kutoka Ulaya na Asia kuanzia mwezi wa Septemba, hupiga mbawa upesi zaidi, kwa hiyo 1/60 huwatosha.

Kazi kubwa hufanywa na kiuno. Nakita miguu nikielekea mahali ambapo ndege watanikaribia zaidi, nageuza kiwiliwili kuwalaki wangali mbali, kisha nazunguka nao taratibu, nabonyeza kitufe bila kusita, na naendelea kuwafuata hata baada ya shata kufunga. Mkono ukisita wakati wa kubonyeza, picha huharibika hapo hapo. Ugumu wa kundi ni kwamba aliye karibu nami hupita mbele ya lenzi upesi kuliko aliye mbali, ijapokuwa wote wanaruka kwa kasi moja. Ndiyo maana namchagua ndege mmoja, namshikilia katika nukta ya kulengea, na kuwaacha wenzake wafifie. Kundi linalopita ubavuni mwangu, si lile linalonijia usoni, ndilo linalonipa nafasi nzuri.

Mchana mwanga wa Mombasa ni mkali mno. Jua likiwa wazi, kwa ISO 100 (kiwango kidogo cha kamera kuhisi mwanga) na tundu la lenzi lililobanwa hadi f/16, kamera hudai takriban 1/100, na ili kuteremka hadi karibu 1/12 yafaa kuvika lenzi kioo cheusi kinachopunguza mwanga mara 8. Mimi huona afadhali kungoja saa kumi na mbili ya jioni, ingawa kiza chetu huingia haraka na muda wa kufanya kazi ni mfupi.

Jana nilipiga picha 212 na nimebakisha 3. Katika ile ninayoipenda zaidi, jicho la yangeyange wa mbele linaonekana wazi, na wengine wote ni nyuzi nyeupe zinazoelekea mikokoni.